Nimeokoka tayari, sasa Krismasi inanihusu nini?

Dada mmoja ameniandikia hivi: "Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi niko Kampala nafanya kazi saluni, kwetu ni Busia. Niliokoka mwezi wa nne kwa krusedi. Sasa pasta wetu anasema Krismasi ni sikukuu ya wapagani, wokovu ni msalaba peke yake, mtu aliyeokoka asisumbuke na mambo ya hori, tarehe 24 sisi tuna ovanaiti, mkesha wa maombi. Lakini jaja yangu, yaani bibi, Mkatoliki, ananingoja nyumbani, na nilipomwambia nimeokoka alicheka akasema yeye alibatizwa 1951 na hajui hii ya kuokoka kila krusedi, ati wokovu ulizaliwa Bethlehemu. Nimechanganyikiwa. Nimefikiria nimtumie tu sente kwa simu nibaki. Kwani Krismasi na wokovu vinakutana wapi, na mimi niliyeokoka tayari inanisaidia nini?"

Amina binti yangu. Nimekaa na swali lako karibu wiki nzima, umefunga mambo matatu kama mzigo mmoja wa kuni na kila nikivuta kimoja vingine vinakuja, na nililolipenda zaidi ni lile ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo, hiyo ya kumtumia jaja sente kwa simu halafu wewe ubaki. Tuanzie hapo hapo.

Hebu fikiria sente imefika. Simu inalia, jaja haoni vizuri, anamwita mtoto wa jirani amsomee meseji, wanahesabu masifuri, anasema Mungu akubariki mjukuu wangu. Anatuma mtu senta alete nyama na mchele. Vyote vimepatikana. Halafu jioni anatoa mkeka nje anakaa akiangalia njia ya kutoka stendi, na kila boda ikipunguza mwendo anainua kichwa. Si ameshapokea? Amepokea ndio, lakini aliyekuwa anamngoja hakuwa sente.

Sasa soma Biblia yako kuanzia Mwanzo mpaka Malaki uone ni vitu vingapi Mungu alituma. Alituma sheria, akatuma waamuzi, akatuma wafalme, manabii wakaja mmoja baada ya mwingine na watu wakawapiga, akatuma mana, akatuma mvua, na vyote vilikuwa vizuri wala sividharau. Ndiyo maana Waebrania inaanza kwa kusema zamani Mungu alisema na baba zetu katika manabii, mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana. Yaani safari hii amepanda basi mwenyewe. Wokovu kwa Mkristo ndio huo, Mungu amekuja mwenyewe, na kila kitu kingine ambacho tunakiita wokovu, msamaha, uponyaji, uzima wa milele, kinatoka kwenye huko kuja. Ningeweza kuishia hapa lakini najua utarudi kwa pasta na atakuuliza maandiko, kwa hiyo twende polepole.

Anza na jina. Malaika anamwambia Yusufu katika Mathayo 1:21, "nawe utamwita jina lake Yesu, maana, yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao." Yesu ni lile lile jina Yoshua la Agano la Kale, kwa Kiebrania Yeshua, maana yake Bwana anaokoa. Huyu mtoto bado hajazaliwa, hajafundisha neno moja, hajaponya hata homa, na tayari anaitwa wokovu kila mama yake atakapomwita aje kula.

Halafu nenda Luka 2 kwa mzee Simeoni, maana huyu ndiye anayekata kesi yako na jaja wako vizuri kuliko mimi. Kwa sheria ya Walawi 12 mama aliyezaa mtoto wa kiume alikuwa anakwenda kutakaswa baada ya siku arobaini na mwana-kondoo na ndege mmoja, na kama hana uwezo wa mwana-kondoo analeta ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Mariamu na Yusufu walileta ndege. Kwa hiyo Simeoni anaona mbele yake wazazi wasio na kitu na mtoto mchanga wa mwezi na kidogo, anampokea mikononi, na anasema, "Kwa kuwa macho yangu yameuona wokovu wako." Soma tena hiyo sentensi. Hakusema nimemwona ambaye siku moja atauleta wokovu. Amesema nimeuona. Ameushika, una kilo zake chache, unanyonya, pengine ulikuwa unalia. Simeoni hakuwahi kusikia mahubiri ya mlimani, na kuhusu kaburi tupu Biblia haisemi kama aliishi mpaka siku hiyo, mimi naona hakuishi maana anasema mwenyewe sasa niache niende zangu kwa amani.

Sasa pasta wako. Usinielewe vibaya, kwa msalaba hajakosea hata kidogo, na mimi mwenyewe ni mlokole, mama yangu alinilea katika hayo na sitayaacha nikiwa mzee. Simeoni huyo huyo akiwa bado amebeba mtoto anamgeukia Mariamu na kumwambia upanga utaingia moyoni mwako, kwa hiyo msalaba tayari uko hapo hekaluni pamoja na wale njiwa. Lakini kusema wokovu ni msalaba peke yake na hori halituhusu, ni sawa na mtu anayetaka posho, yaani ugali, na hataki kusikia habari za unga. Mungu asiye na mwili utampigilia wapi misumari? Waebrania 2:14 inasema wazi, kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye alishiriki yayo hayo, ili kwa njia ya mauti amharibu yule mwenye nguvu za mauti. Ili afe ilibidi awe na kitu cha kufa nacho, na hicho kitu alikipata tumboni mwa msichana wa Nazareti.

Tena kuja kwake peke yake tayari kulibadilisha kitu, hata kabla ya Ijumaa Kuu. Kulikuwa na askofu wa Alexandria kule Misri anaitwa Athanasio, karne ya 4, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alitoa mfano ambao naupenda sana: mfalme mkubwa akiingia mji fulani akakaa katika nyumba moja tu ya mji ule, mji wote unaheshimiwa, na majambazi hawauvamii tena kwa sababu ya huyo anayekaa kwenye ile nyumba moja. Alimaanisha kwamba Mwana wa Mungu alikaa katika mwili mmoja, na sisi wote wenye mwili wa namna hiyo tukapata ulinzi. Sisi Uganda mfano huu hauhitaji maelezo, tumeona mkubwa akitembelea kijiji barabara inapigwa grada wiki nzima kabla, mashimo ya miaka kumi yanazibwa, hata wasioalikwa wanafaidi njia. Tofauti ni kwamba huyu wa Bethlehemu hakutanguliza grada, alipita kwenye mashimo yale yale tunayopita sisi. Na mwingine, Gregori wa Nazianzo, karne hiyo hiyo, alisema kwa ufupi kwamba kisichochukuliwa hakikuponywa. Kama Mwana hakuchukua utoto basi utoto wetu haujaokolewa, kama hakuchukua njaa na usingizi na kuumwa, hayo yamebaki nje. Amechukua yote, kuanzia tumboni.

Kuna jambo moja la hapo Bethlehemu nikuambie maana wewe wa kwenda kijijini utalielewa haraka. Biblia yetu inasema alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na sisi tukaweka kwenye maigizo yule mwenye hoteli mkali anafunga mlango. Lakini neno la Kigiriki alilotumia Luka hapo ni lile lile analotumia kwa chumba cha wageni ambacho Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake, na kwenye hadithi ya Msamaria mwema akitaka kusema nyumba ya kulala wageni kwa malipo anatumia neno lingine kabisa. Ndiyo maana wasomi wengi siku hizi wanaona ilikuwa nyumba ya kawaida ya watu, huenda ya ndugu, na chumba cha wageni kimejaa kwa sababu kila mtu karudi kwao kuandikishwa, kwa hiyo wakasogezwa sehemu ya chini ya nyumba ambako wanyama walilala usiku. Umewahi kufika nyumbani tarehe 24 usiku? Shangazi wamejaza vitanda, watoto wamelala sebuleni kama dagaa, wewe unapewa mkeka pembeni karibu na kuku wanaongoja kesho yao. Hapo ndipo Mwokozi alipozaliwa kama wasomi hao wako sahihi, katikati ya ukoo uliobanana.

Na kilichowabananisha hivyo ni amri ya serikali. Luka anaanza hadithi na Kaisari Augusto na hesabu ya watu, yaani mambo ya kodi. Huyu Augusto watu walikuwa wanamwita mwokozi, na hilo si mahubiri yangu, kuna maandishi ya kwenye mawe yalipatikana Priene, leo ni Uturuki, ya mwaka 9 kabla ya Kristo, ambapo wakubwa wa jimbo la Asia walikubaliana mwaka wao uwe unaanza siku ya kuzaliwa kwa Augusto, wakamtaja kama mwokozi aliyekomesha vita, na wakasema kuzaliwa kwa huyo mungu wao ndio mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Umeyasikia hayo maneno? Kuzaliwa, mwokozi, habari njema. Miaka michache baadaye malaika anachukua maneno yale yale ya kwenye mabango ya Kaisari na kuwapelekea wachungaji wa kondoo, watu wa zamu ya usiku, kama hawa maaskari wetu wanaolinda maduka na kirungu na koti kubwa, anawaambia "leo katika mji wa Daudi amezaliwa, kwa ajili yenu, Mwokozi, ndiye Kristo Bwana." Kwa ajili yenu! Ukisimama pale ukijua mabango yanasema nini, hiyo ni habari ya kukufanya uangalie nyuma kama kuna mtu wa serikali anasikiliza.

Hapa mtu anauliza, na ni haki kuuliza, sasa aliokoa nini? Augusto aliendelea kutawala mpaka mwaka 14 baada ya Kristo. Herode aliua watoto wa Bethlehemu, Yusufu akambeba mtoto usiku wakakimbilia Misri wakawa wakimbizi huku Afrika, na watu walioko kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyangwali wanaijua hiyo safari kwa miguu yao. Kwa hiyo yeyote anayekuambia mwisho wa mwaka kwamba ukiokoka na ukapanda mbegu ya laki mbili basi Januari shida zote zimekwisha, mwulize kwanza Krismasi ya Yesu mwenyewe ilimalizika vipi. Mimi hao nimewachoka.

Wokovu wa Luka ni mpana kuliko huo na pia ni wa ndani zaidi. Zakaria baba yake Yohana anaimba kuhusu kuokolewa na adui zetu, halafu katika wimbo ule ule anasema watu watajulishwa wokovu katika kusamehewa dhambi zao. Na lile neno la Kigiriki la kuokoa ndilo la kuponya pia. Yule mwanamke mwenye dhambi aliyepaka miguu ya Yesu marhamu anaambiwa imani yako imekuokoa, yule wa kutokwa damu miaka kumi na miwili anaambiwa imani yako imekuponya, na kwa Kigiriki ni sentensi ile ile moja, watafsiri wetu wa Kiswahili wakaigawa mara mbili. Dhambi, ugonjwa, hofu ya kufa, mtu kutengwa na wenzake, vyote viko kwenye neno hilo moja, lakini mzizi ni dhambi, malaika alishamwambia Yusufu.

Hoja ya upagani nitaipitia haraka maana haina nyama nyingi. Biblia haikutaja siku wala mwezi. Kalenda moja ya Roma iliyoandikwa mwaka 354 inaweka kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba, na orodha iliyomo inaonekana ilianza tangu 336. Warumi walikuwa na sikukuu zao kipindi hicho, ni kweli. Lakini kama tarehe inachafua, basi hata Januari ni mwezi uliopewa jina la Janus, mungu wa Warumi, na nina hakika kanisa lenu lina kalenda ukutani na ratiba ya maombi ya Januari. Tusonge.

Sasa la jaja na 1951. Hapa nataka nikutetee kidogo halafu nimtetee na yeye. Hii lugha yetu ya nimeokoka tarehe fulani ina historia, na historia yenyewe ni nzuri. Mwaka 1929 mlimani Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba, kisha miaka ya 1930 moto ukashika kule Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda yote na kuvuka mipaka. Waliitwa Balokole, waliookoka. Walikuwa wanauliza watu waliobatizwa zamani, wanaojua nyimbo zote, mbona unaiba na bado unakula meza ya Bwana? Na watu walirudisha vya wizi, waliungama mbele za watu, waume waliomba wake zao msamaha. Wakubwa wa kanisa hawakuwapenda wote, mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono kwa ajili ya jambo hili. Kwa hiyo jaja akicheka, mwambie kwa heshima kwamba swali la kuokoka halikuanza kwenye krusedi yenu.

Ila yeye naye ana lake. Sisi walokole tumeifanya ile tarehe kuwa wokovu wenyewe, kama risiti, mtu anaitoa mfukoni akiulizwa. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa maana nyakati zake ziko wazi. Paulo anawaambia Waefeso mmeokolewa kwa neema. Anawaambia Wakorintho sisi tunaookolewa. Anawaambia Warumi tutaokolewa. ME, NA, TA, zote tatu kwa watu waliokwisha kuamini. Mwezi wa nne wako ni ME, ushike, usimruhusu mtu akunyang'anye. Jaja anakaa sana kwenye NA na TA, kwamba alianza kwenye maji ya ubatizo na bado anaokolewa na hajafika. Askofu mkuu Janani Luwum aliokoka kijijini kwao Januari 1948, tarehe anayo, lakini wokovu uliendelea kumfanyia kazi miaka karibu thelathini mpaka akasimama mbele ya rais Idi Amin, akauawa 16 Februari 1977. Tarehe ya kwanza bila yote yaliyofuata ingekuwa nini?

Na Luka ana neno analolipenda, LEO. Leo amezaliwa kwa ajili yenu Mwokozi. Leo wokovu umefika nyumbani humu, hapo ni kwa Zakayo, mtoza ushuru, na angalia wokovu ulipofika nyumbani kwake ulikwenda moja kwa moja kwenye hela: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu mara nne. Leo utakuwa pamoja nami peponi, hapo ni msalabani. Hori, sebule ya mtu, msalaba, leo tatu na Mwokozi mmoja. Kwa hiyo umeniuliza wewe uliyeokoka tayari Krismasi inakusaidia nini, jibu langu ni kwamba inakukumbusha mwezi wa nne hukumpata wewe Mungu, yeye alikuwa ameshafika zamani, wewe uligeuka tu ukamkuta amesimama. Mtu akisahau hilo anaanza kuwadharau jaja zake.

Sasa la safari. Mimi nasema nenda Busia. Usibishane na pasta mbele ya watu, mwambie kwa adabu kwamba unakwenda kwa mzee wako, na ya tarehe 31 utakuwepo, ovanaiti hazitaisha. Usiende na somo la kumwokoa jaja, utamchosha na atakushinda. Nenda naye tu Misa ya asubuhi. Mkiwa mle watasimama waseme Kanuni ya Imani, ile ndefu ya Nikea ya mwaka 325 iliyokamilishwa Konstantinopoli 381, na kwa lugha yoyote watakayosali kuna mahali wanasema ameshuka toka mbinguni kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu, akawa mwanadamu. Jumapili nyingine hapo wanainama tu, siku ya Krismasi wanapiga goti. Mtu aliyebatizwa 1951 magoti hayashuki haraka, na kuinuka ni shida zaidi, kwa hiyo kaa upande wake umpe mkono. Na tiketi kata ya tarehe 22 au 23, maana 24 nauli ya Busia inaruka na utasimama mpaka Jinja.